Friji inazima usiku, na mke wangu hajui nilichonusa

Ndugu Fundi, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, shule ya msingi, ninaishi Morogoro. Watoto wetu watatu wametawanyika: mmoja yuko Mbeya, mmoja Tanga, wa mwisho Mwanza. Mimi na mke wangu tuliahidiana tangu zamani kwamba nikistaafu tutawazungukia wote, tulale njiani tunapotaka bila kukimbizana na basi la alfajiri. Nilipopata kiinua mgongo nikanunua Toyota HiAce ya dizeli iliyokuwa daladala. Viti niling'oa, seremala akatutengenezea kitanda na kabati, juu tukapiga plaiwudi, mke wangu akashona mapazia. Gari likapendeza.

Mke wangu ana kisukari na anachoma insulini. Kwa hiyo kitu cha kwanza tulichonunua ni friji ndogo ya volti 12, ile inayofunguliwa juu kama sanduku. Imeandikwa wati 60. Umeme alitufungia kijana wa hapa mtaani niliyemfundisha darasa la tano. Ni fundi wa umeme wa majumbani, mwaminifu, na alinitoza kidogo kwa sababu mimi ni mwalimu wake. Alichukua umeme kwenye betri ya gari, N70 ya mwaka wa tatu sasa, kwa waya wa taa za nyumba wa 1.5 uliokuwa umebaki kwenye kazi zake, akaupitisha juu ya plaiwudi hadi nyuma, kama mita 7. Huko nyuma akaweka fyuzi moja ya kijani ya 30, kisha akagawa: friji, feni, taa tatu, na inveta ndogo ya wati 300, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, kwa ajili ya televisheni. Viungo alisokota kwa mkono akazungushia tepu nyeusi. Nilimuuliza kama waya si mwembamba. Akanijibu, "Mwalimu, huu ni umeme mdogo tu."

Mwezi wa kumi tukaenda Mbeya. Usiku wa kwanza tulilala Ruaha Mbuyuni, joto kali. Friji ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, usiku kucha. Kama saa saba niliwasha injini nusu saa ili betri ijae, mke wangu akiwa amelala. Asubuhi gari likagoma kuwaka. Wauza vitunguu wa pale wakatusukuma, Mungu awabariki. Tulipofika Iringa tukanunua insulini nyingine, maana ile tuliiogopa.

Tukiwa tunarudi tulilala Makambako. Televisheni ilikuwa inawaka, inveta ikawa inapiga filimbi, na mimi nikasikia harufu ya plastiki inayoungua juu ya kichwa changu, nyuma ya plaiwudi. Nikachomoa fyuzi. Mke wangu akaamka akauliza ni harufu gani. Nikamwambia ni vumbi limeungua kwenye jiko la gesi. Sikulala mpaka majogoo.

Nyumbani nilinunua multimita, kile kipimo cha volti. Friji ikiwa inafanya kazi, kwenye betri ninasoma 12.4, kwenye soketi ya friji ninasoma 11.1. Kijana wetu wa Mbeya anasema tatizo ni betri ndogo. Yuko tayari kuninunulia N200 mbili na inveta ya wati 2000 niachane na mateso. Mke wangu anapanga safari ya Tanga mwezi wa kwanza. Sijamwambia ukweli, na yule kijana aliyetufungia sitaki kumvunjia heshima. Nifanye nini?

Mwalimu mstaafu, Morogoro

*

Mwalimu, shikamoo.

Kabla ya yote, usirudishe ile fyuzi. Nenda mbele kwenye betri, fungua pia ule waya wa nyongeza alioufunga kijana, ncha yake izungushie tepu, ukae hivyo mpaka kazi ifanyike upya. Kuchomoa fyuzi ya nyuma kumezima vyombo tu. Waya wa mita 7 unaopita juu ya vichwa vyenu bado una umeme mchana na usiku, na hauna ulinzi wowote, kwa sababu fyuzi yake iko mwisho wa safari badala ya mwanzo. Ukisagika kwenye ukingo wa bati mahali fulani ukagusa bodi la gari, betri itamwaga mamia ya ampea ndani yake na hakuna kitakachokatika ila waya wenyewe, ukiwa umeshawaka.

Sasa namba zako. Umenipa vipimo viwili ambavyo mafundi wengi hawajisumbui kuvichukua, nami nimevishukuru kwa sababu vinasimulia karibu habari yote.

Friji ya wati 60 kwa volti 12 inavuta ampea 5. Kati ya betri na friji unapoteza volti 1.3. Gawanya kwa 5, unapata ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, wa omu 0.26 njiani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa omu 0.0115 hivi kwa kila mita. Kwenda mita 7 na kurudi mita 7 ni 14, yaani omu 0.16. Kwa hiyo waya wenyewe unakula volti 0.8. Imebaki 0.5. Hiyo nusu volti haimo kwenye waya, Mwalimu. Imo kwenye viungo vilivyosokotwa, omu 0.1 imejificha ndani ya tepu nyeusi.

Omu 0.1 inaonekana si kitu. Lakini joto linakwenda kwa mraba wa mkondo. Usiku wa Makambako friji ilikuwa inavuta ampea 5, televisheni kupitia inveta kama 4, feni na taa zikaongeza. Tuseme 10. Kumi mara kumi mara 0.1 ni wati 10, katika kitu chenye ukubwa wa punje ya karanga, kimefunikwa kwa plaiwudi, hewa haipiti. Hiyo ndiyo harufu uliyoisikia. Ukiifungua ile plaiwudi, na naomba uifungue kabla hata hujanunua kitu, utakuta kiungo ambacho tepu yake imeiva na shaba yake imekuwa nyeusi.

Na fyuzi ya 30 ilikuwa inakaa kimya kwa sababu ampea 10 kwake si tatizo. Hata ungeweka ya 15 ingekaa kimya vilevile. Fyuzi inaona mkondo uliozidi, haioni kiungo kibovu. Ninalisisitiza hili kwa sababu watu hunieleza kwa uhakika kabisa kwamba gari lao haliwezi kuungua kwa kuwa lina fyuzi. Fyuzi ni ya kuulinda waya ukipata shoti. Kiungo kinalindwa na mkono wa fundi peke yake.

Kuwaka na kuzima kwa friji nako kumo humohumo. Friji za aina yako zina ulinzi wa betri, na kwenye ngazi ya juu nyingi hujizima volti ikishuka karibu na 11. Friji haijui betri ina ngapi. Inajua kinachoifikia mlangoni kwake. Ikiwaka, inavuta ampea 5, njia inakula volti 1.3, friji inaona 11.1 na kushuka, inajizima. Ikijizima hakuna mkondo, hakuna kinachopotea njiani, volti inarudi juu, friji inadhani betri imepona, inawaka tena. Mchezo huo unaweza kuendelea mpaka asubuhi bila insulini kupoa. Wakati huohuo feni, taa na inveta havina ulinzi wa namna hiyo, vikaendelea kunyonya betri ileile ya kuwashia injini. N70 ina ampea-saa 70 hivi ikiwa mpya, yaani ampea mara saa za kuzitoa. Ya miaka mitatu, ikichotwa nusu yake usiku, haiwezi kuzungusha injini ya dizeli.

Kwa hiyo kijana wako wa Mbeya, na moyo wake mzuri, angekununulia betri mbili za zaidi ya kilo 40 kila moja na friji ingeendelea kuzima, kwa sababu njia ni ileile. Na inveta ya wati 2000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote inataka zaidi ya ampea 160 kutoka betri ya volti 12. Kuzibeba unahitaji kebo ya unene wa kidole. Kwenye waya wa 1.5 sitaki hata kufikiri. Tena hizo N200 ni betri za kuwashia malori, sahani zake nyembamba hazikuumbwa kuchotwa mpaka chini kila usiku. Na ni za maji, zikichajiwa zinatoa gesi ya haidrojeni, nawe ungezilalia chini ya kitanda. Mwombe fedha hiyohiyo aielekeze pengine.

Hapa niseme neno juu ya mwanafunzi wako, maana naona ndiye anayekuumiza zaidi kuliko waya. Hakukosea kwa uzembe. Alifanya kama alivyofundishwa. Friji ya wati 60 kwenye umeme wa nyumba wa volti 230 inavuta robo ya ampea tu, na waya wa 1.5 kwake ni barabara ya lami yenye njia nne. Hata ukipoteza volti 1.3 kati ya 230, nani atajua? Lakini wati 60 hizohizo kwa volti 12 ni ampea 5, mara 19 zaidi, na volti 1.3 kati ya 12.4 ni zaidi ya sehemu ya kumi ya umeme wote. Alikuambia ni umeme mdogo. Volti ndiyo ndogo, mkondo ndio mkubwa, na kinachochemsha waya ni mkondo. Umeme wa volti 12 hautakurusha ukiugusa, ndiyo maana unadharauliwa, lakini unaunguza gari sawasawa na ule mwingine. Mimi mwenyewe nimeona spana iliyodondoka kati ya vichwa viwili vya betri ikiganda pale kama imechomelewa, nyekundu. Vua pete na saa ya chuma kabla hujashika betri, na mwenzako avue.

Mwite huyo kijana. Usimwite kumgombeza, mwite mpime pamoja. Mpe multimita mkononi asome 12.4 mbele, asome 11.1 nyuma, kisha mkae na karatasi mfanye hesabu niliyoifanya hapo juu. Umefundisha watoto wa watu kugawanya kwa desimali, na huyu ni mmoja wao, hilo litawezekana. Mfungue plaiwudi wote wawili, akione kiungo kwa macho yake. Akielewa kweli, mpe kazi ya kufunga upya na umlipe bei ya kazi, si bei ya mwalimu. Akikasirika au akasema umezidisha, mshukuru kwa alichofanya na utafute fundi wa umeme wa magari. Usalama wa Mama hauwezi kusubiri mtu apoe.

Kazi yenyewe sasa. Betri ya gari iachieni injini peke yake. Nyuma, karibu kabisa na friji, mfunge betri ya pili. Kwa safari zenu, za kulala usiku mmoja au miwili mahali kisha kuendelea, betri ya sola ya jeli ya ampea-saa 100 inatosha, na mafundi wa sola wanaifahamu popote nchini. Usiku mmoja wa joto friji itakula kama 25 hadi 30, feni 15 au 20, taa chache. Hiyo ni karibu nusu ya betri, na betri ya risasi hutakiwi kuishusha chini ya nusu ukitaka ikae miaka. Ikiwa imetulia, haichaji wala haitoi, 12.7 ni kujaa na 12.2 ni nusu. Andika namba hizo mbili kwenye mlango wa kabati. Kama kijana wa Mbeya bado anataka kutoa, betri ya lithiamu aina ya chuma na fosfeti ni nyepesi na unaweza kuichota karibu yote, lakini inataka chaja yake maalumu kutoka kwenye alteneta, ile mashine ya injini inayozalisha umeme, la sivyo inaivuta alteneta mpaka inachemka. Mimi ningeanza na jeli. Ifungwe kwa mkanda wa chuma au mkanda imara kwenye sakafu, kwa sababu kilo 30 zikiruka siku ya ajali hazichagui pa kutua. Na iwe mbali na joto la injini. Kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25 maisha ya betri ya risasi yanapungua kwa nusu hivi.

Ijaeje? Njia mbili. Ukiwa unaendesha, alteneta iijaze kupitia rilei inayohisi volti: injini ikiwaka na volti kupanda hadi 13.3 hivi inaunganisha betri mbili, ikishuka kwenye 12.8 inazitenganisha yenyewe. Hapo gari haliwezi tena kugoma asubuhi kwa sababu ya televisheni. Waya wa kuunganisha betri hizo uwe wa milimita za mraba 16, na fyuzi ya 60 kila mwisho. Nasema kila mwisho kwa sababu waya huo una betri pande zote mbili. Ukikatwa katikati, moto unaweza kutoka mbele au nyuma, na fyuzi moja italinda upande mmoja tu. Hilo husahauliwa hata na mafundi wazuri.

Ukiwa umeegesha, sola. Paneli ya wati 200 imelala juu ya paa, iachiwe nafasi ya vidole viwili chini yake hewa ipite. Kwa jua letu itakupa kama ampea-saa 50 siku nzuri, karibu sawa na kilicholiwa usiku. Chaji kontrola, kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kuingia kwenye betri, iwe ya ampea 20. Siku zote unganisha betri kwenye kontrola kwanza, ndipo paneli. Kufungua, paneli ianze kutoka. Ukigeuza mpangilio unaweza kuiunguza kontrola siku ya kwanza. Na ukifika kwa watoto, chaja ya kawaida ya ukutani inamalizia.

Usiwashe tena injini usiku ili kuchaji mtu akiwa amelala ndani. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, inaingia kwa chini, aliyelala haamki. Nilipofika kwenye mstari ule wa barua yako niliweka karatasi chini nikanywa maji kwanza. Hata faida yenyewe ni haba, alteneta kwenye mzunguko wa chini inatoa kidogo.

Kwenye betri mpya, chanya itoke kwa waya wa 16, fyuzi kuu ya 60 ndani ya sentimita 20 kutoka kichwa cha betri, kisha swichi kuu ambayo mkono wako unaifikia ukiwa umelala, kisha kisanduku cha fyuzi. Kila chombo kiwe na tawi lake. Friji kwa waya wa milimita za mraba 4 na fyuzi ya bluu ya 15. Urefu wa mita moja na nusu, kwenda na kurudi 3, zitapotea kama volti 0.06. Linganisha na 1.3. Feni na taa waya wa 1.5 unatosha, na fyuzi ya 5, au nyekundu ya 10 kwa feni. Ukubwa wa fyuzi unafuata waya, haufuati kiu ya chombo. Ikikatika, tafuta sababu; mtu asikuwekee kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Hasi nayo irudishwe kwa waya mpaka kwenye baa moja, kipande cha chuma cha kukusanyia nyaya, karibu na betri, na kutoka hapo waya mmoja mnene uende kwenye bodi, rangi ikwanguliwe mpaka bati ling'ae. Inveta ya 300 iende moja kwa moja kwenye betri kwa waya mfupi wa milimita za mraba 10 na fyuzi yake ya 40. Ila angalia nyuma ya televisheni. Ndogo nyingi zimeandikwa 12V, unaweza kuilisha bila inveta kabisa ukaokoa kinachopotea kwa kugeuza umeme mara mbili. Birika na pasi za umeme visahau. Chai ni ya gesi, mlango ukiwa wazi.

Waya uwe wa nyuzi nyingi nyembamba, unaopindika kama kamba. Ule mgumu wa nyumba umetengenezwa ukae ukutani miaka hamsini bila kutikisika, na gari lako litapita rasta na mashimo kutoka Chalinze mpaka Segera. Utakatika ndani kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Unaponunua, kwangua ncha kwa kisu. Kuna nyaya zinauzwa rahisi, juu shaba na ndani alumini nyeupe. Ukinzani wake unazidi wa shaba safi kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu zote nilizokupa hazitafaa. Na viungo visisokotwe tena hata kimoja. Kila ncha ipate lagi ya shaba, kile kichwa cha kuvisha ncha ya waya, ya ukubwa wake, ibanwe kwa koleo lake maalumu, kisha uivute kwa nguvu zako zote. Ikitoka, irudiwe. Kama kijana hana koleo hilo, akodi. Praizi ya kawaida inaponda tu, haibani. Waya unapopita kwenye tundu la bati uwekewe mpira, na kwingine kote uende ndani ya bomba la plastiki linalopindika.

Kuhusu insulini, mimi si daktari, ila miaka niliyofunga friji za magari imenifundisha mambo machache. Insulini iliyoganda imeharibika hata kama inaonekana safi, na friji hizi zinaweza kugandisha chini kabisa na ubavuni. Weka nyuzi 5, tia kipimajoto ndani, chupa zikae katikati ndani ya kikopo. Ile isiyofunguliwa inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Inayotumika, kwa aina nyingi, inavumilia nje ya friji kama wiki nne ikiwa chini ya nyuzi 30. Mfamasia wenu awaambie ya Mama ni aina gani. Bebeni pia mtungi mdogo wa udongo ndani ya chombo chenye mchanga wenye maji. Hapo chupa inayotumika ina pa kukaa friji ikileta shida, na hamtahitaji kuhangaika Iringa.

Limebaki la Mama. Mwambie, Mwalimu, tena kabla fundi hajaja. Yeye ndiye anayelala chini ya ile plaiwudi na dawa iliyomo kwenye friji ni yake. Kama siku moja harufu itarudi wewe ukiwa nje umeenda kununua mkate, yeye ndiye atakayetakiwa kujua swichi kuu iko wapi na kuizima bila kukungoja. Hawezi kujua kama anaamini lilikuwa vumbi la jiko. Mwonyeshe kiungo kilichoungua. Huenda atakasirika siku mbili. Nadhani alishajua kuna kitu. Mwanamke aliyeshona yale mapazia hakuona wewe hukulala? Mfundishe namba za mlango wa kabati, mzime na kuwasha swichi kuu gizani mara kadhaa, na mnunue kizimamoto cha unga kikae karibu na mlango wa ubavuni, si nyuma ya kitanda.

Kazi ikiisha, msiende Tanga moja kwa moja. Egesheni gari hapo uani usiku mbili, friji, feni na taa vikiwaka kama mko safarini, mlale humo humo. Kila asubuhi kabla ya jua kupiga paneli, pima betri ikiwa imetulia, kisha friji ikinguruma pima tena kwenye betri na kwenye soketi ya friji. Kati ya vipimo hivyo viwili vya friji ikinguruma nataka tofauti isizidi volti 0.2, na betri ikiwa imetulia isiwe chini ya 12.2. Baada ya saa moja ya friji, feni na taa kufanya kazi kwa pamoja, pitisha kiganja kwenye kila kiungo. Chochote kilicho na joto kuliko mkono wako kifunguliwe kibanwe upya. Niandikie namba hizo. Nikiziona nitakuambia kama muondoke au bado, na ukifika Segera unisalimie Mama.